Mstari wa Tatu Kutoka Langoni

Tarehe 3 Februari

Kwako binti yangu, Bi Maswali,

Pokea salamu zangu, na za mama mdogo wako aliyekaa hapa ananisema kwamba herufi zangu kubwa kama za tangazo la duka. Mimi darasa langu la nne linanitosha. Yeye alifika la saba na hajamwandikia mtu barua hata moja. Hatujambo. Goti la kushoto linaniuma asubuhi, ikifika saa nne linasahau. Cherehani ilikatika mkanda, nimefunga kamba, sasa inashona kama mlevi anavyotembea, lakini inafika. Mama mdogo wako kang'olewa jino la nyuma, anatafuna upande mmoja na kusema pande zote mbili.

Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula". Nijibu unakula nini na saa ngapi. Kwenye simu unaongea mbiombio kama mtu aliyeshikiwa mlango, na tukishakata ndipo nakumbuka nililotaka kusema. Ndiyo maana nakuandikia.

Nililotaka kusema ni hili. Mwezi ujao mdogo wako Chapuchapu anatimiza miaka minne tangu afie kule machimboni, nchi ya watu. Kampuni ilituletea begi lake, na shati lisilo lake, na karatasi. Wewe ndiye uliyeongea nao, ukaniambia amezikwa vizuri, ana kaburi lake. Hilo neno nimelala nalo miaka minne, nimelishika kama mtoto anavyoshika upindo wa nguo ya mama yake. Sasa limechakaa, mwanangu. Nataka kuliona kaburi lenyewe, nikae karibu naye kabla goti halijanigomea kabisa.

Watu usiowajua wanakuja kwako ofisini unawapangia safari. Nipangie na mimi.

Mama yako.


Tarehe 28 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi. Mpe mama mdogo pole ya jino. Nakula: chai na mkate saa moja, wali saa saba, jioni inategemea nimerudi na nguvu gani.

Kazi ipo. Ofisi yetu bado iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, ngazi zote zinanuka ngozi mpya. Wenzangu wana vitabu vya picha. Mteja akija wanamfungulia, ufukwe huu, mlima ule, chagua. Mimi bado niko na daftari langu. Namkalisha mtu, namuuliza analala upande gani wa kitanda, nini kinamwamsha, anaogopa nini, ana hasira na nani. Bosi anasema nawahoji watu kama polisi, ila wanaorudi wanarudi kwangu. Juzi nimepata mume na mke wasiosemeshana, kila mmoja kaja siku yake kunieleza ubaya wa mwenzake. Nimewapa vyumba viwili vyenye mlango katikati. Ufunguo uko kwa mhudumu, atakayeuomba kwanza ndiye atapewa.

Na kuna mzee mmoja aliyefiwa na mke. Alitaka kurudi kwenye hoteli waliyokaa fungate, aketi kwenye meza ileile ya pembeni. Nikapiga simu, wakasema meza zile zilitupwa zamani. Nikawaambia watafute ya aina ile, waikwaruze kidogo ukingoni, waiweke palepale. Mzee aliporudi alinishika mikono yote miwili akalia. Alisema hata mkwaruzo wa pete ya mkewe aliuona.

Kuhusu lile la mwisho, mama, huko sasa mvua ni nyingi na barabara hazipitiki. Tuliache kwanza.

Binti yako.


Tarehe 17 Machi

Bi Maswali wangu,

Salamu. Habari ya ufunguo tumeicheka mpaka jirani kagonga ukuta. Mama mdogo wako anasema yeye angeuomba siku ya kwanza, kisha angeutupa chooni.

Ile ya meza sikuicheka. Ulimwambia yule mzee kwamba meza si yenyewe? Nauliza tu.

Halafu mvua gani? Mdogo wako alikuwa akituandikia kwamba kule ni vumbi mwaka mzima, akitema mate yanatoka meupe. Mama mdogo wako kaniambia, "Dada, mtoto anakukwepa." Nikamwambia anyamaze, wewe una kazi nyingi. Lakini niandikie, asije akapata la kusema.

Nimeshapiga picha ya pasipoti. Mpiga picha kanikalisha kwenye stuli akasema, "Mama, usicheke."

"Nani anacheka?"

"Basi usilie."

"Silii. Ndiyo sura yangu."

Kapiga mara tano. Nilichopata ni picha ya mwanamke anayetafutwa na serikali. Pasipoti wamesema wiki sita.

Sijakuomba uache kazi unibebe mgongoni. Nimekuomba unipangie. Nikalishe kwenye kiti cha wateja wako, fungua daftari, niulize. Au mama haulizwi kwa kuwa unadhani unamjua?

Mama yako.


Tarehe 22 Aprili

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa na wateja, kisha mafua, kisha wateja tena.

Haya. Nakuuliza kama ninavyowauliza wote, nawe unijibu bila kunionea huruma. Unalala upande gani? Nini kinakuamsha? Goti linakubali ngazi ngapi? Unaogopa nini njiani? Ukiwa na huzuni unataka watu, au unataka uachwe? Na la mwisho: unakwenda kutafuta nini? Sikuulizi unakwenda wapi, nauliza ukifika utakuwa unatafuta nini.

Lifikirie sana hilo. Kama kuna kitu kingine kinachoweza kukutuliza, tuseme uje kwangu ukae hata mwezi mzima, nitafurahi zaidi. Chumba changu kidogo lakini tutabanana.

Binti yako.


Tarehe 4 Mei

Bi Maswali,

Mteja wako anakusalimu. Amekaa kwenye kiti, ameshika mkoba magotini, anajibu.

Nalala upande wa ukutani. Tangu baba yako afariki sijazoea ule wa nje, ulikuwa wake. Kinachoniamsha ni pikipiki. Ikipita alfajiri nadhani inaleta habari mbaya. Ngazi ni kumi, ukinibembeleza kumi na mbili. Naogopa zile ngazi zinazotembea zenyewe, nimeziona kwenye televisheni, zinasubiri mtu akosee mguu. Naogopa mlango wa kufunguliwa kwa kadi, maana nitajifungia nje na mimi sijui kumwita mtu kwa lugha ya watu. Nikiwa na huzuni nataka mtu awe karibu lakini asinisemeshe. Mama mdogo wako hilo haliwezi, kwa hiyo abaki.

La mwisho nimelikalia siku tatu, nguo za watu zimelala mezani bila vifungo.

Nataka nijue kichwa chake kimelala upande gani, nikae hapo. Nataka kung'oa majani kama yameota. Nataka nikae mpaka nichoke mwenyewe, nisije nikaambiwa twende. Na kuna jambo ambalo hata wewe hulijui. Siku anaondoka tulikuwa tumegombana. Nilisema machimbo ni kazi ya kuua watu, naye akasema nimemzoea kitoto. Asubuhi kaja kuaga, mimi nashona. Akasema, "Mama, naenda." Sikuinua uso. Nikasema, "Si uende." Nikasikia mlango. Alipotuandikia nilimjibu habari za kuku na za jirani, hilo sikuligusa, niliona aibu. Nikasema akirudi.

Nataka kumwomba radhi. Nimejaribu kumwomba hapa chumbani, haiendi. Radhi inataka mahali pa kuiweka.

Kwako nitakuja, mwanangu. Yeye kwanza.

Mama yako.


Tarehe 11 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Habari ya siku ile sikuwa naijua.

Nimekupangia. Tarehe tisa Julai utapanda basi la asubuhi mpaka uwanja wa ndege. Kiti chako ni cha mbele upande wa kulia, ili goti la kushoto liwe njiani upate kulinyoosha. Uwanjani atakupokea mhudumu niliyeongea naye, atakupitisha pasipo na ngazi zinazotembea. Chumba kiko chini, hakina ngazi hata moja. Kitanda wamekisogeza ukutani, ufunguo ni wa chuma, na pikipiki hazipiti mtaa ule. Dereva ni mtu mzima, anasema lugha yetu, na anajua kunyamaza.

Kaburi liko mstari wa tatu kutoka langoni, karibu na ukuta. Limejengewa, jeupe, jina limeandikwa. Kichwa kiko upande wa ukuta. Tarehe kumi asubuhi dereva atakupeleka, ukae utakavyo. Tarehe kumi na moja upumzike chumbani, usitoke, jua la kule ni kali. Tarehe kumi na mbili unarudi.

Mimi sitaweza kuja. Bosi hatoi ruhusa msimu huu.

Mwombe radhi, mama. Mwambie na mimi namsalimu.

Binti yako.


Tarehe 25 Julai

Kwako binti yangu,

Salamu. Mama mdogo wako hajambo. Goti halijambo. Nilirudi salama tangu tarehe kumi na mbili. Kalamu nimeishika mara nyingi nikaiweka.

Safari ilikuwa kama ulivyoandika, hakuna kilichopungua. Kiti kilekile, mhudumu yuleyule, ufunguo wa chuma. Kwenye ndege nilimwambia mama wa kiti cha pili, "Haya yote kapanga mwanangu, mpaka ukuta wa kulalia." Nilikuwa nimejaa kifua.

Tarehe kumi dereva kanipeleka. Nimehesabu mistari mwenyewe, moja, mbili, tatu. Nikaliona, jeupe, na jina lake. Majani hayakuwepo, nikaokota vijiti. Nikakaa upande wa ukuta, nikaweka mkono pale kichwani. Nilimwambia yote, mwanangu. Nilimwambia nilisikia mlango na nilitaka kuinuka, mguu ulikuwa kwenye cherehani. Nilimwambia anisamehe. Nililia, nikamaliza, nikasimama mwepesi kama nguo iliyokamuliwa. Dereva alikuwa amesimama mbali, kanipa mgongo. Nikasema huyu kweli anajua kunyamaza.

Kesho yake uliniambia nisitoke. Lakini nilikumbuka sikumpa salamu zako. Si mbali, nikaenda kwa miguu, polepole.

Nikakuta mwanamke wa umri wangu kapiga magoti, ana ndoo na kipande cha gunia, analisugua lile jina kwa mchanga. Anasugua na kusonya. Nikamwambia, "We dada, unafanya nini?"

Kaniangalia, akajibu kwa lugha yetu, kumbe anaijua. "Unamjua aliyeandika upuuzi huu?"

"Upuuzi gani?"

"Hili jina la kiume. Hapa kalala binti yangu, mwaka wa saba huu. Kila mwaka siku yake nakuja kumsafisha. Leo namkuta kapakwa chokaa, kageuzwa mwanamume!"

Mwanangu, nilicheka. Sijui nilicheka nini. Akasema, "Unacheka?"

"Jina hilo ni la mwanangu."

"Mwanao yuko wapi?"

"Nimeambiwa yuko hapa."

"Hapa yupo wangu. Nimemshusha kwa mikono hii."

"Mbona hukuandika jina lake?"

"Jina la nini? Mimi najua alipo."

Tukatazamana. Akaona macho yangu yalivyovimba kwa kilio cha jana, akakaa chini. Akasema taratibu, "Dada, nani kakudanganya?"

Nikamwambia, dereva.

Akamtukana dereva matusi nisiyoweza kuyaandika. Akarudi kusugua. Rangi ilikuwa mbichi lakini imeng'ang'ania, na yeye ana pumu, akisugua kidogo anatweta. Nikampokea lile gunia. Nikasugua mimi. Herufi moja moja, mpaka ya mwisho. Jina la Chapuchapu nimelifuta kwa mkono wangu mwenyewe, binti wa watu apate kulala.

Asubuhi ya kurudi dereva kaja, nikamwambia nimejua. Akaegemea gari akalia, mtu mzima yule, akasema, "Nami nina mama." Nikamwambia anipeleke alipo mwanangu kweli. Kanipeleka kwenye lango la bati la kampuni ile, nyuma ya ghala. Ndani ni malori. Mlinzi akasema, dereva akinifasiria, "Mama, hapa hakuna kaburi, hapa ni yadi."

"Na chini?"

"Chini ni zege."

Nikachungulia kwenye upenyo wa lango. Kuna mafuta yamemwagika, kuna matairi. Sikuweza hata kujua nitazame upande gani. Nilisimama mpaka lori likapiga honi litoke, nikasogea.

Wewe sikuulizi kitu. Mwenye maswali ni wewe.

Mama yako.


Tarehe 6 Agosti

Mama, shikamoo.

Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Yule bwana wa kampuni aliniambia kwenye simu kwamba jiwe lilifukia watu watano, wakazikwa pamoja siku hiyohiyo nyuma ya ghala, na hakuna aliyeandika nani yuko wapi. Nilikuwa kwenye korido ya ofisi. Nikakata, nikakupigia, ukapokea kabla haijaita. Nikasikia unavyohema. Nikasema amezikwa vizuri. Yalitoka yenyewe. Ulivyoshukuru, sikuweza kuyarudisha.

Ulipotaka kwenda nikasema mvua. Ulipojibu maswali nikajikuta nina kila kitu mkononi: kichwa, majani, mahali pa kukaa. Miaka kumi na moja ya kazi hii, mama, mtu akiniambia anachotafuta, mimi hutafuta mpaka nipate. Sijui kumwambia mtu hakipo. Nikampigia dereva nikamwambia atafute kaburi lisilo na jina, lisilo na mwenyewe. Alikataa mara mbili, nikamsihi kwa jina lako. Usimlaumu. Nilijiambia yule mzee wa meza alirudi na furaha, na mama atarudi nayo. Ruhusa ya bosi sikuiomba. Nisingeweza kusimama pale nikakutazama.

Tangu barua yako ifike siulizi tena. Wateja wanakaa, nawafungulia kitabu cha picha, wanachagua, wanaondoka. Bosi amefurahi, anasema sasa nafanya kazi haraka.

Kama unataka nije nipige magoti mlangoni, nitakuja. Kama hutaki kuniona, niambie pia. Niambie lolote.

Binti yako.


Tarehe 30 Agosti

Kwako binti yangu,

Salamu. Mvua hakuna. Mkanda mpya wa cherehani umefika, nimeufunga, nimeketi mbele yake, kazi haiendi.

Sijakulaani, na sitakulaani. Nimekubeba miezi tisa kama nilivyombeba yeye. Najua ulitaka nipumzike. Tena nilipumzika, siku moja nzima, tarehe kumi. Nilikula chakula changu chote jioni ile. Hiyo siku moja ndiyo inayoniumiza kuliko miaka minne.

Ile radhi, mwanangu, siwezi kuiomba tena. Nimejaribu. Nilikuwa nayo moja, nimeitoa yote, na aliyeipokea ni binti wa yule mama, asiyenijua wala sijamkosea. Sasa nikisema "nisamehe" mdomo unasema, ndani hakuna kitu, kama ndoo unayoishusha ikapanda kavu.

Usije kwanza. Ukija nitakupikia, nitakushika, nitakuambia yamekwisha, na utaniamini. Hayajaisha.

Kuna jambo lingine. Niliporudi mama mdogo wako alinisubiri kituoni. Unajua alivyompenda mdogo wako, yeye ndiye aliyemfundisha kutembea. Kabla sijashuka vizuri kanishika mkono, "Dada, umeliona?" Nikamtazama uso. Nikasema nimeliona. "Likoje?" Nikasema ni jeupe, limejengewa, mstari wa tatu kutoka langoni. Kalia, kacheka, kanibebea begi. Tangu siku ile anawasimulia majirani, nami wakiniuliza nawaambia na upande wa kichwa. Naweza kusema bila kukwama. Sikujua kama ni rahisi hivi.

Leo kaniambia mwakani naye anataka kwenda akamwone, na nikuandikie umpangie kama ulivyonipangia mimi. Amekaa hapa mbele yangu ananitazama. Anadhani ndicho ninachoandika.

Mama yako.